Nira na Mwarobaini

Nyuma ya nyumba ya mama yangu kule Murangi, mahali ambapo upepo wa ziwa hufika jioni, upo mwarobaini mmoja. Utotoni tulinyweshwa maji ya majani yake kila tulipopata homa, na uchungu wake ulikaa ulimini hadi kesho yake. Jina lenyewe ladai kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Tuliuhesabu kuwa wetu, kama mkuyu na mkwaju. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba asili yake ni Bara Hindi, na kwamba huko umetumika kwa karne nyingi katika elimu ya tiba iitwayo Ayurveda.

Pwani ilijuana na Wahindi tangu zama za majahazi. Huku kwetu walizidi kuja baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, na meli zilipoanza kuzunguka bandari za ziwa, Musoma ikiwa mojawapo. Mbele ya duka waliuza nguo, chumvi na sukari. Jikoni kwao mlikuwa na manjano, tangawizi na iliki, vitu ambavyo kwao ni chakula na dawa kwa pamoja. Sisi tulijifunza kuvitia mchuzini. Elimu iliyovifuata hatukuiuliza.

Elimu hiyo ni ipi? Katika Kisanskriti, ayus ni uhai na veda ni maarifa. Kati ya vitabu vyake vikuu vya kale vimo viwili hivi, kimoja kinachobeba jina la Charaka na kingine la Sushruta. Hiki cha pili kinaeleza hata upasuaji, pamoja na namna ya kutengeneza upya pua iliyokatwa. Mafundisho yake ni kwamba mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, ya upepo na mwendo, pitta, ya moto na mmeng'enyo wa chakula, na kapha, ya maji na udongo, inayoushikamanisha mwili. Zikikosa mizani, ugonjwa huingia. Kwa hiyo mganga huanza kwa maswali: unakula nini, unalala saa ngapi, huu ni msimu gani, moyo wako una shwari?

Na yoga je? Mzizi wa neno hilo maana yake ni kuunganisha, kufunga nira. Sisi wa Mara tunaolima kwa plau twaweza kulielewa upesi: ng'ombe wawili wasiofungwa nira, kila mmoja huvuta kwake. Yoga ilitaka kuifunga nira akili inayotangatanga. Kitabu cha Patanjali kinasema mengi juu ya kuituliza akili na machache mno juu ya kukunja viungo. Shabaha yake ilikuwa ukombozi wa roho, si kuponya mgongo. Charaka naye anaitaja yoga, na njia zote mbili zinaamini kwamba mwili na akili haviugui mbalimbali. Lakini zilikuwa njia mbili. Kuifanya yoga kuwa tiba ya kupimwa kwa vyombo ni jambo la karne ya 20. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alifungua kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla kwa kazi hiyo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitengea yoga tarehe 21 Juni.

Ndugu msomaji, nayaandika haya kwa sababu. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu, mwenye shinikizo la damu, alinunua mnadani pakiti ya unga. Muuzaji aliapa kwamba ni dawa ya kale ya Kihindi, akamwambia aache vidonge vya hospitali. Akaviacha. Wiki ya tatu alipatwa na kiharusi. Mungu alisaidia, hakufa. Lakini mkono wake wa kushoto hadi leo hauwezi kushika ndoo.

Nilipomuuliza kwa nini alimwamini mtu yule, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, hata hakuniuliza ninakula nini."

Maneno hayo yaliniingia. Muuzaji alilichukua jina la elimu ile akaacha maswali yake, na maswali ndiyo kiini chake. Wala ukale si kinga. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani huko. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2002 imeuweka uganga wa jadi na tiba mbadala chini ya baraza na usajili. Lakini sheria haisimami kila mnadani. Anayesimama pale ni mama yako na wangu.

Siku hizi mama humeza vidonge vyake kila asubuhi bila kukosa. Amepunguza chumvi katika samaki. Kabla jua halijawa kali hutembea taratibu hadi ufukweni, hukaa juu ya jiwe akavuta pumzi ndefu, kisha hurudi. Hajui neno yoga, na sikumfundisha. Mwarobaini bado upo nyuma ya nyumba. Tunakaa kivulini mwake tukizungumza, na kila nikienda humuuliza yale maswali: umekula nini, umelala vipi, moyo una shwari?