Wasomeshaji wa Ansab

Ansab imo katika wilaya ya Bausher, upande wa milimani wa jiji la Muscat. Wapenzi wa ndege wanaijua kwa mabwawa yake ya maji yaliyosafishwa, ambako heroe na ndege wa safari ndefu hutua kupumzika. Mimi naikumbuka kwa baraza ya baada ya Alasiri, wazee wa kanzu nyeupe wakijuliana hali kwa Kiswahili cha Unguja, tena kile cha zamani.

Walifikaje huku? Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja karne ya 19, Waomani wengi walikwenda, wakaoa, wakapanda mikarafuu, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Mapinduzi ya Januari 1964 yakawatawanya. Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, naye akawaita wananchi walioko nje warudi. Waliotoka Zanzibar walirudi na elimu yao: walimu, wauguzi, makarani. Mji ukatanuka kuelekea Bausher, na baadhi yao wakajenga huko.

Katika hao yumo baba wa nyumba ambaye hakuna kitabu kilichomtaja: asubuhi kazini, magharibi msikitini, usiku amezungukwa na wanawe na misahafu yao. Namna ya kumkumbuka mtu kama huyu nimejifunza kwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy.

Sheikh Farsy alizaliwa Unguja 1912. Alisomesha skuli, akawa kadhi Zanzibar, na tangu 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengi wanamjua kwa Qurani Takatifu, tafsiri iliyotimia 1969. Kabla yake zilikuwapo mbili, ya padri Godfrey Dale ya 1923 na ya Waahmadiyya ya 1953, lakini yake ndiyo iliyopata nafasi majumbani kwa Waislamu wengi wa pwani. Hata hivyo, kitabu chake ninachokirudia zaidi ni kingine, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo maisha ya mtu hayapimwi kwa mali wala cheo. Kinachoulizwa ni hiki: alisoma kwa nani, na nani walisoma kwake? Ukifuata majibu unaona mnyororo wa watu, mkono kwa mkono, kutoka mji hadi mji.

Mwenyewe alimalizia umri wake Oman, akafariki huko 1982. Alikuwa Mshafi, na wazee wengi waliorudi ni Maibadhi, kama alivyo Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, aliyezaliwa Unguja 1942 na kuwa Mufti wa Oman tangu 1975. Madhehebu mawili, lakini wote wamelelewa na kisiwa kimoja.

Basi kwa mizani ya Sheikh Farsy, yule baba wa Ansab ana wasifu uliotimia. Alisoma chuoni Unguja, kwa wazee wa mtaani kwao. Wamesoma kwake wanawe wa kiume na wa kike, kisha wajukuu, kisha watoto wa jirani waliobisha hodi na juzuu ya Amma mkononi, naye akawafasiria aya kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyoifahamia dini yake.