Kanda Kabla ya Kituo: Historia ya Kutazama Nyumbani Tanzania Bara

Katika nchi nyingi kanda ya video iliingia sebuleni ikakuta televisheni imekwisha kuzoeleka, ikawa nyongeza tu kwa mtu aliyetaka kurekodi kipindi kilichompita au kutazama filamu ambayo kituo hakikuionyesha. Tanzania Bara mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa kanda zilikuwa zimekwisha kuenea mijini kwa miaka kadhaa kabla vituo vya kwanza vya televisheni havijaanza kurusha matangazo mwaka 1994, na mfuatano huo ulimzoesha mtazamaji kuamini kwamba la kutazama jioni huchaguliwa na yeye mwenyewe, au na mwenye duka la mtaani kwake, wala halipangwi na mtu aliyeketi studioni. Mengi yaliyoipata televisheni ya Bara baadaye yanaeleweka vyema yakisomwa kwa kuanzia hapo.

Kuchelewa huko kwa televisheni hakukuwa bahati mbaya. Serikali ya Julius Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa ambayo ingewanufaisha wakazi wachache wa mijini wenye umeme na uwezo wa kununua seti, na hivyo kupanua pengo kati yao na wanavijiji ambao redio ilikuwa imekwisha kuwafikia kwa gharama nafuu. Majirani hawakusubiri: Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962 na Uganda mwaka uliofuata. La ajabu zaidi ni kwamba ndani ya Jamhuri hiyohiyo ya Muungano, Zanzibar ilifungua televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati sehemu kubwa ya bara la Afrika bado ilikuwa ikitazama picha nyeusi na nyeupe au haitazami chochote, hata ikawa baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam wenye seti walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa yao ili kudaka mawimbi yaliyovuka bahari kutoka Unguja. Msimamo wa Nyerere ulikuwa na hoja nzito ya haki, na si sawa kuudhihaki kwa kutumia vigezo vya leo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulikizuia kituo, kitu kinachohitaji kibali na mnara, na haukuwa na dawa ya kanda, inayoingia ndani ya begi la msafiri.

Mlango wa kanda ulifunguka hasa baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa nchini, na miongoni mwa bidhaa zilizoanza kushushwa kutoka Dubai na kwingineko Ghuba ilikuwemo deki, yaani mashine ya kuchezeshea kanda za VHS. Hadi wakati huo filamu zilikuwa zikifika kwa mtazamaji kupitia majumba ya sinema, kama Empire, Avalon na Odeon mjini Dar es Salaam, pamoja na uwanja wa Drive-in uliofunguliwa Msasani mwaka 1966, ambako familia zilitazama zikiwa ndani ya magari yao. Na uagizaji wa filamu hizo ulikuwa umewekwa chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma lililobanwa na uhaba wa fedha za kigeni, kiasi kwamba filamu zilezile zilirudiwa hadi mikanda yake ikachakaa. Maktaba ya video, kwa maana ya duka la kukodisha kanda, haikuwa na vikwazo hivyo. Mwenye duka aliunganisha deki mbili kwa waya, moja ikichezesha na nyingine ikirekodi, akapata nakala kadhaa za filamu ya Kihindi, ya mapigano ya Hong Kong au ya Marekani. Kila nakala iliyotolewa katika nakala nyingine ilipoteza rangi na ukali wa picha, lakini mteja alivumilia, maana filamu ilikuwa mpya. Hapo ndipo mwenye duka alipogeuka kuwa mshauri wa mtaa katika mambo ya filamu, aliyejua nani ameshaona nini.

Wasiokuwa na deki walikwenda kwenye kibanda cha video, ambacho watu walikipachika jina la kibanda umiza kwa sababu ya joto, msongamano na mabenchi yasiyo na egemeo. Kilikuwa chumba cha mbao au mabati, matundu yake yamezibwa ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie, na nje palitundikwa ubao ulioandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo, saa zake na kiingilio. Baadaye, madishi ya setilaiti yalipopatikana, ubao huo ulitangaza pia mechi za Ligi Kuu ya Uingereza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, lakini ukaguzi uliobuniwa kwa ajili ya majumba machache yanayojulikana haukuweza kufuatilia vyumba vilivyofunguliwa na kufungwa kila uchochoro.

Katika vibanda hivyo ilistawi sanaa ambayo wasomi wamechelewa kuipa heshima yake, nayo ni ya mtafsiri wa filamu. Mtu mmoja alishika kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu yenyewe, kisha akawasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, akafafanua kisa, akatabiri kitakachotokea, na pale ambapo mhusika alifanya upumbavu, akamkemea kwa niaba ya ukumbi mzima. Lufufu ndiye aliyevuma zaidi Tanzania, na tafsiri zake zilirekodiwa na kuuzwa pamoja na filamu. Kenya alitokea DJ Afro, na Uganda wapo wale waitwao mavijei, wanaofanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda.

Televisheni ya Bara ilipoanza, kwa vituo binafsi vya CTN, DTV na ITV vilivyozaliwa katika mageuzi ya utangazaji ya mwaka 1993 na 1994, ilikuta ushindani uliokwisha kukomaa. Ilipata jambo moja ambalo maktaba haikuwa nalo, nalo ni maigizo ya Kiswahili ya kila wiki, yaliyofanywa na vikundi kama Kaole Sanaa Group, ambayo yaliwafanya majirani wapange jioni zao kwa kufuata ratiba iliyochapishwa gazetini. Hata hivyo, wasanii hao hawakukaa. Walipoona filamu za Nigeria zikiuzwa kwa wingi, nao wakaelekea kwenye video, na baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 biashara ya Bongo Movie, yaani filamu za video za Kitanzania, ilipanuka haraka, kisa kimoja kikikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Ukubwa wa umaarufu wa filamu hizo ulidhihirika Aprili 2012, umati ulipofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga Steven Kanumba, aliyepitia Kaole kabla ya kuwa nyota wa video. Uharamia, hata hivyo, uliitafuna biashara kwa njia ileile iliyoizaa, na stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi hizo mwaka 2013 hazikuwazuia vijana wa mitaani kumjazia mteja filamu katika flashi.

Wakati huohuo televisheni ilikuwa ikijifunza kwa kibanda. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kikawa lazima, na kampuni za ving'amuzi zikaanza kununua filamu na tamthilia za wasanii walewale ili kuvuta wateja wa malipo ya mwezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, TBC, kituo cha umma, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, nayo ikapendwa kiasi cha kutajwa na Rais Xi Jinping katika hotuba yake ya Machi 2013 jijini Dar es Salaam. Baadaye zikafuata za Kituruki kwenye ving'amuzi. Katika tafsiri hizo kila mhusika amepewa sauti yake, na maneno yamepimwa yaendane na midomo, kazi nadhifu ambayo kibanda kisingeweza kuifanya. Ila hakuna tena anayesimamisha kisa kidogo ili kumwambia mama mkwe kwamba amezidi.