Pluto haikuvuliwa cheo kwa sababu ya udogo

Jamani, leo nina deni la kulipa. Wiki mbili zilizopita niliandika habari fupi gazetini na ndani yake nikapenyeza sentensi moja: kwamba mwaka 2006 Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari "kwa kuwa ni ndogo mno". Mhariri akaipitisha. Kesho yake mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia akanipigia simu na swali moja tu: "Mwanangu, ndogo kuliko nini?" Nikababaika. Ikabidi niende kusoma, kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kuandika.

Hebu tuanze na huo udogo. Zebaki ina kipenyo cha kilomita 4,880 hivi. Ganymede, mmoja wa miezi ya Mshtarii, una kilomita 5,268. Yaani kuna mwezi mkubwa kuliko sayari, na hakuna aliyewahi kuinyang'anya Zebaki cheo chake. Kumbe kipimo ni kingine.

Kisa chenyewe kina zaidi ya miaka mia mbili, na hakianzi na Pluto. Usiku wa Januari 1, 1801, padri Giuseppe Piazzi alikuwa akipima nyota mjini Palermo, kisiwani Sicily, akaona kitone kinachohama. Kikaitwa Ceres. Wataalamu walikuwa wakihisi kwamba kati ya Mirihi na Mshtarii kuna pengo lisilo la kawaida, kwa hiyo Ceres ikapokewa kwa shangwe kama sayari iliyopotea. Lakini mwaka 1802 ikaonekana Pallas, karibu kabisa na hapo. 1804, Juno. 1807, Vesta. Kufikia mwisho wa 1851 vilikuwa vimeshafika 15, vyote vikizunguka Jua katika eneo lile lile. Orodha ya sayari ikawa kituko. Taratibu, bila kura wala kelele, wataalamu wakaviondoa vyote na kuviita asteroidi, jina ambalo William Herschel alikuwa amelipendekeza tangu 1802. Ceres haikupungua hata kilo moja. Ilichopoteza ni upweke wake.

Sasa rukia 1930. Clyde Tombaugh, kijana wa shamba kutoka Kansas, umri miaka 24, hana hata digrii, akaigundua Pluto kwa kulinganisha picha za anga huko Flagstaff, Arizona. Mwanzoni ilidhaniwa ina uzito unaokaribia wa Dunia. Ulipogunduliwa mwezi wake Charon mwaka 1978, hesabu ikaweza kufanywa vizuri: haifiki hata sehemu moja ya mia nne ya Dunia! Bado watu wakainyamazia. Ilikuwa peke yake kule mbali, nani angeigusa?

Mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu wakaona kitu kingine kule nje. Baadaye vikaja vingine kwa mamia. Mwaka 2005 kundi la Mike Brown likatangaza Eris, ambayo wakati huo ilidhaniwa kuipita Pluto kwa ukubwa (leo tunajua inaipita kwa uzito tu). Ama Eris iwe sayari ya kumi, na foleni iendelee nyuma yake, ama Pluto ifuate njia ya Ceres.

Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ukakutana Prague. Pendekezo la kwanza lingetupa sayari 12, Ceres ikirudishwa na Charon ikipandishwa cheo! Likakataliwa. Tarehe 24 wakapitisha masharti matatu: sayari ilizunguke Jua, iwe na uzito wa kutosha kujivuta yenyewe hadi iwe mviringo, na iwe imesafisha eneo la njia yake. Inayotimiza mawili ya kwanza ikashindwa la tatu, na si mwezi wa kitu kingine, ni sayari kibete.

Hilo la tatu ndilo linalogombewa hadi leo. Alan Stern, kiongozi wa safari ya chombo cha New Horizons, analipinga vikali. Wabishi husema: Pluto inaikatiza njia ya Neptuni, mbona Neptuni nayo haijasafisha? Nami niliuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba Neptuni imeitia Pluto adabu: kila Neptuni inapozunguka Jua mara tatu, Pluto huzunguka mara mbili kamili, kwa hiyo hazigongani kamwe. Kusafisha si kufagia kila kitu, ni kutawala. Steven Soter alipiga hesabu mwaka 2006: Dunia ina uzito mara milioni 1.7 ya vyote vinavyoshiriki eneo lake. Pluto haifikii hata moja ya kumi ya uzito wa majirani zake.

Binafsi nakubaliana na Prague, ingawa kura za watu 424 katika chama chenye maelfu ya wanachama hazinifurahishi sana.

Mwaka 2015 vibete hivi viwili vilipata wageni. Machi chombo cha Dawn kilifika Ceres. Julai New Horizons ikapita Pluto, ikiwa imebeba sehemu ya majivu ya Tombaugh, na kutuonyesha milima ya barafu na uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda.

Mwalimu nimeshampigia. Sahihisho litatoka Jumamosi, ukurasa ule ule.