Urithi wa hemofilia kwa wanaume na wanawake

Hemofilia ni ugonjwa wa kurithi unaofanya damu ichelewe kuganda, kwa kuwa mwili hauna kiasi cha kutosha cha kigandishi namba 8 (hemofilia A) au namba 9 (hemofilia B). Aina A humpata takriban mtoto 1 kati ya watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, katika jamii zote duniani.

Jeni za vigandishi hivyo zimo kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama. Ikiwa na kasoro, anaugua. Mwanamke ana X mbili; moja ikiwa na kasoro, ile nzima kwa kawaida humsaidia, naye huitwa mbebaji. Katika kila mimba, mtoto wa kiume wa mama mbebaji ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua, na wa kike wa kuwa mbebaji. Mwana wa kwanza kuzaliwa mzima hakumkingi mdogo wake. Baba mgonjwa hawarithishi wanawe wa kiume, maana huwapa Y; lakini binti zake wote ni wabebaji.

Kwa Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ukoo hufuata baba, ilhali ugonjwa huu humfikia kijana kupitia mama. Kuuliza "kwenye ukoo wenu yupo?" basi hakutoshi. Waulizwe wajomba, wana wa mama wakubwa na wadogo, na babu mzaa mama: nani alitoka damu siku nzima baada ya kung'olewa jino, nani goti lilivimba bila kuumia? Swali hilo lina uzito zaidi Kagera, mkoa uliopewa kipaumbele katika tohara kinga (tohara ya wanaume ya kujikinga na VVU), kwani jeraha la tohara huweza kuwa la kwanza kuufichua ugonjwa. Hata hivyo, karibu theluthi ya wagonjwa hawana historia yoyote katika familia. Kasoro ni mpya.

Ni kosa kumwona mbebaji kama mpitishaji tu. Kwa baadhi ya wabebaji kigandishi hushuka chini ya asilimia 40 ya kiwango cha kawaida, na hao wana hemofilia wenyewe: hedhi nzito ya siku nyingi, damu kuendelea kutoka baada ya kujifungua. Mara chache binti hurithi kasoro kwa wazazi wote wawili na kuugua vikali.

Mbebaji anayejulikana apimwe kiwango cha kigandishi kabla ya kujifungua. Mwanawe wa kiume asivutwe kwa vakyumu wakati wa kuzaliwa, wala asitahiriwe kabla ya kupimwa.