Historia ya Lupini: Mbegu Tamu Zilizojificha Kati ya Mbegu Chungu

Ndugu mkulima, ukichagua mbegu unaangalia ukubwa, rangi na kama zimetobolewa na wadudu. Lakini kuna tofauti ambazo jicho halizioni. Historia ya lupini inaonyesha hivyo.

Lupini ni zao la jamii ya mikunde, ndugu wa kunde na maharage. Hustahimili udongo wa kichanga na mbegu zake zina protini nyingi. Tatizo lake ni uchungu. Mmea hutengeneza kemikali ziitwazo alkaloidi ili kujikinga na wadudu, kisha huzihifadhi kwenye mbegu. Kilo moja ya mbegu chungu inaweza kuwa na gramu 10 hadi 20 za kemikali hizo, na ukizila bila kuziondoa utadhurika. Ndiyo maana wakulima wa milima ya Andes huzichemsha, kisha huziloweka siku kadhaa kwenye maji yanayotiririka.

Miaka ya 1920 huko Ujerumani, mtaalamu Erwin Baur aliamini kwamba kati ya mimea mingi michungu lazima iwepo michache iliyopoteza uchungu. Reinhold von Sengbusch akaitafuta. Alitumia kipimo cha haraka: maji yaliyolowekwa mbegu hutiwa dawa, na yakichafuka, alkaloidi zipo. Alipima mimea zaidi ya milioni moja. Mitamu aliyoipata ilihesabika kwa vidole, na hiyo ndiyo iliyozaa lupini tamu.

Lakini utamu huo hupotea upesi. Nyuki akileta chavua kutoka shamba la lupini chungu, mbegu utakayovuna bado itakuwa tamu. Ukiipanda, mmea wake utazaa mbegu chungu.

Australia Magharibi, John Gladstones alitafuta dawa ya tatizo hilo. Mwaka 1967 ilitolewa aina yake iitwayo Uniwhite, tamu, yenye maua na mbegu nyeupe. Mmea wenye maua ya buluu ukitokea shambani, mkulima anautambua mara moja na kuung'oa.

Nawe fanya hivi kwa zao lolote la mbegu:

1. Tenga shamba la mbegu mbali na aina nyingine.
2. Ng'oa mmea usiofanana na wenzake kabla haujatoa maua, au mara tu unapochanua.
3. Mfanyabiashara, usichanganye magunia ya aina mbili, hata kama mbegu zinafanana.

Kazi ya miaka mingi inaweza kuharibiwa na debe moja lililochanganywa.