Kanda, Moto na Umbali: Nakala Rudufu katika Historia ya Unix

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua. Ofisi za fedha zilikuwa humo, na hata huku Wanyange, tunakotazama Ziwa Victoria na si Kampala, watu waliuliza kwanza: majalada je? Swali hilo ni la zamani kuliko moto wenyewe, na sehemu ya historia yake imo ndani ya Unix.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo na ghali, kanda za sumaku nafuu; basi nakala zikaenda kwenye kanda. Ndiyo maana programu ya tar, iliyotoka na toleo la saba mwaka 1979, hadi leo imebeba kanda katika jina lake, ijapokuwa wengi wanaoitumia hawajawahi kuishika kanda. Tar hufunga faili za mtumiaji katika furushi moja, kila faili na mwenyewe wake, tarehe yake na ruhusa zake. Dump ina kazi nyingine: hunakili mfumo mzima wa faili, kwa ngazi za 0 hadi 9. Ngazi ya 0 huchukua kila kitu. Zinazofuata huchukua yaliyobadilika tangu nakala ya ngazi iliyo chini yake. Msimamizi anayerudisha data huanza na kanda ya 0, kisha hufuata mpangilio. Akiruka moja, hupata mashine ambayo haikuwahi kuwepo siku yoyote. Mwanahistoria mwenye majalada yenye mapengo anaijua hali hiyo (naye mara nyingi hana kanda ya 0).

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, inayotuma mtandaoni sehemu zilizobadilika tu. Kwetu tunaonunua data kwa megabaiti, naiona hatua hii kubwa kuliko zote, kwani iliwezesha nakala kukaa mbali.

Umbali ndio unaosahaulika. Katika ofisi moja ya Jinja nilikofanya mafunzo kazini, nakala ilifanywa kila Ijumaa bila kukosa, kisha diski yake ikawekwa juu ya seva ileile. Nilipopendekeza ipelekwe kwenye tawi lao la Mbale, nilijibiwa kwamba hakuna fungu la nauli. Rekodi za wafanyakazi waliostaafu zimo humo, na pensheni zao zinategemea seva hiyo na diski iliyo juu yake.