Kinda ni wa Nani?

Mwaka 1592, enzi za Malkia Elizabeth I, mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya ndege. Si kasuku wala kuku: ni bata maji, yule ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu ambaye huku kwetu tunamjua zaidi vitabuni kuliko ziwani. Ubishi ulihusu bata maji wa Abbotsbury, kijiji cha pwani ya Dorset, ambako watawa wa Kibenedikto waliwafuga zamani kwa ajili ya meza zao. Mwanasheria Edward Coke aliiandika kesi hiyo, na ndani yake mna swali tamu: dume akiwa wa bwana mmoja na jike wa bwana mwingine, makinda ni wa nani?

Kwa ng'ombe jibu ni rahisi, ndama humfuata mama. Kwa bata maji sheria iligawa nusu kwa nusu, eti kwa kuwa dume hushikamana na jike mmoja.

Msidhani ni mzaha. Bata maji alikuwa kitoweo cha karamu za wakubwa. Sheria ya 1482 ilimzuia mtu kuwa na alama yake ya bata maji kama hana ardhi yenye pato la marki 5 kwa mwaka. Alama yenyewe ilichanjwa mdomoni kwa kisu. Asiye na alama, akiogelea kwenye maji ya wazi, alihesabiwa wa mfalme.

Sasa, kwa nini kuhangaika na alama? Hapo ndipo tabia ya ndege inapoingia. Jozi hushika kipande cha mto na kukifanya chao. Mgeni akitokeza, dume hutunisha mabawa, hurudisha shingo nyuma na kumwendea kwa kasi. Makinda wa kijivu hulelewa ndani ya ulinzi huo. Huanza kuruka wakiwa na miezi minne au mitano. Kisha baridi inaingia, weupe unaanza kuwatoka, na baba yule yule aliyewapigania anawageukia. Anawafukuza!

Wanakwenda wapi? Kwenye makundi ya vijana wenzao, katika maziwa na midomo ya mito ambako hakuna jozi inayodai mipaka. Hukaa huko miaka kadhaa, hupata mwenzi, kisha wawili hao huenda kutafuta maji ya kuyapigania.

Ndiyo maana kazi ya alama kwenye mto Thames hufanyika Julai: makinda hawajaweza kuruka, na wazazi wako kando yao kama ushahidi. Kinda alipewa alama ya wazazi. Wakishatawanyika, nani angewatambua? Hadi leo wapiga makasia wa Mfalme na wa vyama viwili vikongwe vya London, cha wauza mvinyo na cha watia rangi nguo, hutoka kila Julai, ila siku hizi hutumia pete za mguuni badala ya kisu.

Abbotsbury kwenyewe kuna ajabu yake. Pale jozi zaidi ya mia hujenga viota karibu karibu, kwa kuwa chakula kipo cha kutosha. Njaa ikipungua, mipaka nayo hulegea.

Mahakimu walitaka kujua kinda ni wa nani. Wazazi wake wana jibu pia, lakini linadumu hadi baridi tu.